Vigingi vya Baba

Nyumbani kwetu Bwiza, hadithi ya jinsi wazazi wangu walivyokutana imesimuliwa mara nyingi kuliko sala ya chakula. Mama ndiye mwenye haki ya kuianza, na huianza kwa maneno yale yale: "Baba yenu alikuja kwetu na shoka na mzigo wa vijiti, akazunguka zizi letu kama mutu aliyepoteza mulango." Hapo baba hucheka, hujifanya anatafuta bisibisi kwenye meza yake ya kutengenezea redio, na sisi watoto hujua kwamba sasa inafuata sehemu ya maziwa.

Baba alikuwa kijana wa mjini. Katika miaka ya themanini walikuja wageni kutafuta mafuta katika bonde la Rusizi, kaskazini mwa jiji letu, wakaajiri vijana wenye miguu mizuri. Kazi ya baba na wenzake watatu ilikuwa kuwatangulia wote na kupigilia vigingi vyenye namba, kila kigingi kamba moja kutoka kwa mwenzake, katika mstari ulionyooka. Nyuma yao walikuja wachimba mashimo, na nyuma ya hao watu wa baruti. Siku moja mstari ulielekea moja kwa moja kwenye zizi la mjane mmoja. Mjane huyo ndiye bibi yangu.

Bibi hakupiga kelele wala hakushika fimbo. Aliwaketisha vijana wale kivulini, akawatolea maziwa yaliyoganda, akangoja mpaka kibuyu kikawa kitupu. Ndipo akawaambia kwamba ng'ombe wake wawili wako karibu kuzaa, na kwamba amesikia baruti ikilia upande wa mto. "Mumekunywa maziwa yao," alisema. "Sasa mutawatisha?" Kwa watu wa bonde, aliyekunywa maziwa ya nyumba hawezi tena kuwa adui wa ng'ombe wa nyumba ile. Bibi alilijua hilo, nao walilijua, na ndiyo maana alitanguliza kibuyu na kuchelewesha ombi.

Mama, aliyekuwa msichana wa kuleta kibuyu, alimwona kijana mmoja akifuta mdomo kwa mgongo wa mkono na kusema, "Tutapita mbali." Anasema alimpenda palepale. Baba anasema yeye alipenda wiki iliyofuata, kwa sababu siku ile tumbo lilikuwa limejaa na hakuwa na nafasi.

Niliwahi kuiandika hadithi hiyo na kuisoma mbele ya wenzangu wa klabu ya waandishi, tunaokutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu. Waliipenda, lakini mmoja wao alisema, "Nzuri, sha, rafiki yangu. Lakini hakuna mtu anayepoteza kitu." Nilikasirika, kama tunavyokasirika tunapoambiwa ukweli. Tulikuwa bado hatujajua nani alipoteza nini siku ile ya maziwa.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, ni mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi. Ofisi yake iko Kigobe, katika jengo ambalo ngazi zake zinang'aa na choo chake hakina maji. Yeye mwenyewe hulitania jambo hilo kabla mgeni hajalisema. Miaka ya karibuni ziwa lililo kando ya jiji letu lilipanda na kumeza nyumba za watu wengi wa pwani yake. Baadhi yao walihamishiwa kambi iliyojengwa sehemu kavu ya bonde, kwenye nyasi ngumu, miba na mikoche. Huko kila kisima kilichochimbwa kilitoa maji ya chumvi. Nilifika mara ya kwanza nikiwa na yaya, na mwanamke anayeongoza kamati ya maji ya kambi ile alitupokea kwa vikombe vya chai.

"Kunyweni," alisema. "Sukari tumetia."

Tulikunywa. Sukari ilikuwapo kweli, na chumvi vilevile, zikigombana mdomoni.

"Tulifukuzwa na maji," yule mama alisema akimtazama yaya, "na sasa tunatafuta maji. Shefu, Mungu anatuchekesha ao anatucheka?"

Yaya alimaliza kikombe chake chote, mpaka tone la mwisho, na mimi nikajua kwamba ameapa.

Imani yake ilikuwa hii: chini ya tabaka la chumvi, mbali kuliko visima vyote vilivyojaribiwa, uko mto wa zamani uliofukiwa. Mto Rusizi haukulala mahali pamoja tangu dunia iumbwe. Umegeukageuka kama mtu mwenye homa, na kila ulipohama uliacha kitanda chake cha mchanga na changarawe, kikafunikwa na udongo. Katika vitanda hivyo, alisema, maji matamu yanaweza kuwa yamelala bado. Kupata kitanda kimoja katika bonde zima ni kama kutafuta mshipa wa mtu akiwa amevaa koti. Lakini kuna waliowahi kuupapasa mwili ule. Watu wa mafuta.

Karatasi zao zilikuwa ndani ya kabati la chuma pale Kigobe. Mafuta ya kuwatosha hawakupata, wakaondoka, wakaacha mabunda ya karatasi ndefu, ramani, na ripoti za Kiingereza. Ofisi inafanya kazi kwa Kifaransa. Mimi najua lugha zote mbili na wakati ule sikuwa na kazi nyingine ila riwaya isiyokwisha, hivyo yaya aliniombea mkataba wa miezi mitatu wa kutafsiri.

Alinifundisha kusoma karatasi zile kwa uvumilivu asionao nyumbani. Baruti ikilipuka shimoni, mtetemo hushuka ardhini, hugonga tabaka moja baada ya jingine, na kila tabaka hurudisha mwangwi wake. Vifaa vidogo vilivyochomekwa ardhini husikiliza. Baba na wenzake waliviita masikio. Mwangwi huo wote ukichorwa, unapata picha ya ardhi iliyokatwa kama keki, na juu ya picha zimeandikwa namba za vigingi ili ujue kila kipande kilikuwa wapi.

"Watu wa mafuta walikuwa wanaangalia huku," yaya aliniambia, akiweka kiganja chini ya karatasi, kwenye matabaka ya kina kirefu. Kisha akakipandisha juu kabisa, kwenye ukanda mwembamba kama upana wa vidole vitatu. "Hapa walikuwa wanapapita tu. Kama mutu anayepita sokoni akielekea kituo cha basi. Mimi soko langu ni hapa."

Katika ukanda ule, chini ya kigingi namba 118, mistari ilizama ghafla na kupanda tena, kama kitanda kilicholaliwa na mtu mzito. Na katika ripoti ya shimo moja walilochimba mbali kidogo upande wa mto, nilikuta sentensi ambayo niliitafsiri mara mbili ili nihakikishe. Mchimbaji aliandika kwamba walipita katika mchanga wenye maji matamu, na kwamba jambo hilo halina umuhimu kwa kazi yao. Nilimsomea yaya. Aliomba niisome tena. Kisha alifungua dirisha, akasimama pale muda mrefu akiitazama barabara ya Kigobe na magari yake ya serikali, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Jioni ile nilimsimulia baba. Nilidhani atafurahi: karatasi zilizotokana na vigingi vyake zinarudi kazini baada ya miaka yote hii. Aliweka chini redio aliyokuwa ameifungua.

"Namba gani ulisema?"

"Mia moja na kumi na nane."

Alipuliza vumbi ndani ya redio, akapuliza tena ingawa halikuwapo. "Ni pazuri," alisema. Akarudi kwenye redio yake.

Mtambo wa kuchimba ulipatikana kwa siku kumi tu kabla ya kwenda mkoa mwingine. Kwa ramani ya zamani na kifaa cha satelaiti, yaya aliipata sehemu ya kigingi 118, na mtambo ukasimikwa pale. Mama aliomba kuja. Bonde lile ni kwao; vita viliwatawanya, zizi likaisha, na alikuwa hajakanyaga pale tangu yaya alipokuwa mtoto wa mgongoni. Alishuka garini na chungu cha maharage kwa ajili ya wafanyakazi, akatembea hatua chache, akasimama.

Nyasi zote za pale ni za rangi ya mkeka mkuukuu. Lakini mbele yetu palikuwa na duara la nyasi za kijani, laini, na katikati yake ulikuwa mtambo wetu.

"Ni zizi letu hili," mama alisema. "Samadi ya ng'ombe haisahau. Angalieni, mulango ulikuwa pale kwenye mikoche miwili."

Kila mtu alifurahi. Fundi wa mtambo, mtu wa Uvira mwenye tumbo kubwa na ulimi mrefu, alivua kofia. "Mama, basi marehemu bibi anatuchotea mwenyewe. Tukipata maji, kisima kitaitwa jina lake. Tukikosa, tutasema ng'ombe walikunywa yote."

Tulikosa. Siku ya kwanza ulipanda udongo wa mfinyanzi, wa kijivu, mzito. Siku ya pili ulipanda udongo wa mfinyanzi. Siku ya tano tulikuwa tumepita kina ambacho picha ilionyesha kitanda cha mto, tukakipita tena kwa kina kingine kama hicho, na bomba lilileta udongo uleule, unateleza kama sabuni.

"Shefu," fundi alisema, na safari hii kwa upole, "hapa ni kiwanda cha matofali."

Mkubwa wa yaya alipiga simu kutoka Kigobe. Nilisikia sauti yake ikitoka pembeni ya sikio la yaya: karatasi za mafuta zitafute mafuta. Muda ulibaki wa shimo moja tu, na yeye alitaka mtambo uondoke mapema. Yaya aliomba siku mbili za kufikiri. Alipewa moja. Shimo la pili nalo likitoka kavu, hakuna ambaye angemsikiliza tena mtu anayesema habari za maji ya kina bondeni. Kambi ingeendelea kunywa chumvi mpaka watu waihame wenyewe. Yule mama wa kamati alikuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akitazama udongo ukikauka. Hakutania. Ningependa angetania.

Tulirudi Bwiza mchana ule. Yaya alijifungia chumbani na picha zake. Mimi nilikaa uani, na mama alikuwa akimsimulia jirani yetu, muuza vitenge, huku wakichambua mboga za lengalenga.

"Wamechimba ndani ya zizi la mama kabisa," alikuwa akisema. "Katikati. Pale ng'ombe walipokuwa wanalala."

"Zizi lile ambalo baba yao alizunguka?"

"Ego, ndilo. Lile lile."

Nimeishi maisha yangu yote nikiamini kwamba hadithi ni njia ya kujua, siyo pambo la mambo tunayoyajua tayari. Wenzangu wa klabu hunicheka ninapolisema kwa sauti. Siku ile niliketi na jani la lengalenga mkononi na niliamini kuliko wakati wowote. Mtambo ulikuwa ndani ya zizi. Mtambo ulikuwa kwenye kigingi 118 cha ramani. Kwa hiyo, kwa ramani, kigingi 118 kilikuwa ndani ya zizi. Lakini tangu sijajua kusoma nimeambiwa kwamba baba hakupiga kigingi hata kimoja ndani ya zizi lile. Kama angepiga, nisingezaliwa.

Ama mama yangu alikosea katika jambo alilolirudia maisha yake yote, ama ramani ilikosea. Nilijua nitamwamini nani.

Nilienda mbele, kwenye meza ya redio. Juu ya ukuta, kati ya picha ya harusi na kalenda ya parokia, imetundikwa barua ya Kiingereza iliyopauka ndani ya fremu. Ni barua ya msimamizi wa watu wa mafuta. Nilipokuwa shule ya sekondari, baba aliniomba niitafsiri, na ndiyo tafsiri ya kwanza niliyoifanya maishani: kijana huyu ni mwaminifu na vigingi vyake vimenyooka kama uzi. Alinifanya nimsomee mara nne. Wateja wapya husomewa hata leo.

"Baba," nilisema, "siku ya maziwa, mulipita mbali kiasi gani?"

"Siku gani ya maziwa?"

"Baba."

"Mi nina kazi hapa. Redio ya muzee huyu inataka kusema na haiwezi."

"Kigingi cha mia moja na kumi na nane kilikuwa wapi?"

Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikuwa imekaza. Yaya alikuwa ametoka chumbani. Alisimama mlangoni na karatasi yake mkononi, na nikaona akimtazama baba, kisha barua, kisha mimi. Yeye ni mwepesi kuliko mimi. Hakuhitaji kuelezwa.

"Ramani inasema mstari umenyooka," alisema.

"Ramani ilichorwa na wazungu."

"Kwa namba ulizowapa wewe."

Baba aliweka bisibisi chini. "Mupimaji wetu wa mstari alikuwa na malaria," alisema hatimaye. "Siku tatu yuko kitandani mjini. Alituachia kamba na daftari. Tukafika kwa bibi yenu, tukanywa. Mungefanya nini ninyi? Tukahamisha vigingi, kama ishirini hivi, tukapita mbali, halafu tukarudi kwenye mstari. Watu wa baruti walifuata vigingi. Hawakuuliza kitu. Mupimaji aliporudi alikuta mbele kumenyooka, nyuma kumenyooka. Katikati hakwenda. Daftari ilikuwa na namba zote."

"Na barua?"

"Barua ilikuja mwisho wa kazi." Aliitazama. "Mi ningemwambia nini? Kwamba mstari wake una tumbo?"

Yaya alizungumza polepole, na ndivyo anavyofanya anapokasirika sana. "Wiki mbili zilizopita uliambiwa namba. Ulijua."

"Nilizani chini ardhi ni moja. Mita mia tatu, mia nne, ni kitu gani kwa ardhi?"

"Apana, baba. Hukuzani. Uliogopa fremu."

Sijawahi kumsikia mtu akimwambia baba neno kama lile. Mama alikuwa amefika nyuma yetu na ungo wake, na hata yeye hakumkemea yaya. Redio ya yule mzee ilikoroma yenyewe, ikanyamaza.

"Watu wale wanakunywa chumvi, baba," yaya alisema. "Na watoto wao."

Baba alisimama. Nilidhani ataondoka. Alipanda juu ya kiti chake, akaitoa barua ukutani, akakifuta kioo chake kwa mkono wa shati, akaiweka kifudifudi mezani kati ya nyaya na betri. "Kesho mutanichukua," alisema. "Na mama yenu. Mi najua kamba, lakini yeye anajua mulango."

Asubuhi yaya alimpigia mkubwa wake simu tukiwa njiani. Alimwambia anahamisha mtambo.

"Kwa ushahidi gani?"

"Nimepata aliyepiga vigingi."

Baba, aliyekaa nyuma na kofia yake ya kanisani, aliuliza kama mtandao umekatika. Kisha sauti ilisema shimo ni lako, na lawama ni yako. Yaya alisema asante, kana kwamba amepewa zawadi mbili.

Kule bondeni mama alikwenda hadi kwenye mikoche miwili na kusimama katikati yake, mahali palipokuwa mlango wa zizi. Baba alisimama mbele yake. Walikuwa wanatazamana kwa umbali ambao, nadhani, walitazamana siku ile, isipokuwa sasa mmoja alikuwa na miwani na mwingine na kisukari.

"Ulitokea wapi?" mama aliuliza.

"Kwa mgongo wa kichuguu kile."

"Kichuguu kile hakikuwapo."

"Kilikuwapo, kilikuwa kidogo. Kama wewe."

Fundi wa Uvira alicheka mpaka akajishika kiuno. "Muzee, tuambie basi hatua ngapi. Miguu yako ya zamani na ya sasa si sawa, tutafika Kongo."

Baba alimgeukia kwa heshima yote ya ufundi wake. "Kijana, mi sikupima kwa miguu. Tulipima kwa kamba, mita hamsini. Kutoka mulangoni hapa tulikwenda kamba nane upande wa machweo. Tulitaka tisa. Ya tisa ilituingiza kwenye miba, na mwenzetu mmoja alikuwa amevaa suruali mpya."

Hivyo suruali moja mpya iliingia katika elimu ya bonde la Rusizi. Tulivuta utepe wa yaya mara nane, mita mia nne. Baba alitembea mbele, wima, na mimi nilimwona kijana wa zamani ndani ya mgongo wake. Kutoka pale alirudi kusini kamba tano, hadi walipoanzia kuhama, akahesabu vigingi vyake kuelekea kaskazini kwa utepe uleule: mia moja na kumi na mbili, na kumi na tatu, na kumi na nne. Kwenye kumi na nane alichomeka tawi la mkoche. Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipiga magoti, akaanza kukwangua udongo kwa bisibisi aliyoibeba mfukoni. Baada ya kukwangua sehemu tatu alitoa kipande cha bati lililooza, duara, kama mfuniko.

"Kopo la maziwa ya unga la watu wa baruti," alisema. "Walikuwa wanaziba mashimo yao kwa makopo na mawe." Chini ya bati kulikuwa na mawe yaliyopangwa na mkono wa mtu.

Yaya aliyatazama mawe yale. Alimshika baba kiwiko kumsaidia kuinuka, na hakukiachia hata baba aliposimama vizuri.

Siku ya kwanza ya shimo la pili ulipanda udongo. Fundi hakutania. Mama wa kamati alikuja na ndoo yake, akaigeuza, akaikalia. Siku ya pili, saa nne za asubuhi, sauti ya mtambo ilibadilika. Nimejaribu kuiandika sauti ile mara kadhaa. Kabla yake mtambo ulikuwa unatafuna ugali. Sasa ulikuwa unatafuna karanga. Fundi aliinua mkono, akachota kilichotoka bombani, akakiosha ndani ya kiganja na kukinyoosha kwetu. Vilikuwa vijiwe vidogo, vya duara, laini, vyeupe na vyekundu, vijiwe ambavyo havitengenezwi na kitu kingine duniani isipokuwa maji yanayotembea.

"Mto," yaya alisema. Alisema kama mtu anayetaja jina la jamaa anayeshuka basi.

Mchana walisafisha shimo kwa hewa, na maji yakaruka, kwanza ya rangi ya kahawa, kisha ya chai, kisha ya kitu kisicho na rangi. Yaya alitoa kifaa chake cha kupimia chumvi na kuanza kukifuta kwa kitambaa. Mama wa kamati hakungoja kifaa. Alikinga kiganja, akanywa, akafumba macho. Alikinga tena, akanywa tena.

"Vipi?" fundi aliuliza.

"Ngoja," alisema. "Natafuta chumvi." Akanywa mara ya tatu. "Siioni."

Kifaa cha yaya kilikubaliana naye. Nilimtafuta baba nimpe kikombe, nikamkuta upande wa pili wa mtambo na mama, wamekaa kwenye mabomba. Mama alikuwa ameshampa kikombe kabla yangu. Baba alikunywa, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na mama akamtazama kwa jicho ambalo mtoto hapaswi kulikatiza. Nikarudi nilikotoka.

Ripoti niliiandika mimi, na yaya aliisahihisha. Juu ya ramani ya zamani alimwomba baba achore tumbo la mstari kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Baba alilichora bila rula, taratibu, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo, vigingi ishirini mpaka mstari ulipojiunga tena. Sehemu ya maelezo aliniamuru jinsi ya kuandika, na mimi nikaandika alivyosema: vigingi namba 112 hadi 131 vilihamishwa mita mia nne magharibi kwa sababu ng'ombe wawili walikuwa karibu kuzaa.

Mkubwa wa yaya alipiga mstari chini ya maneno ya mwisho na kuandika pembeni kwamba si lugha ya kitaalamu, tuseme "kwa sababu za mahali." Yaya aliyafuta maandishi ya mkubwa wake kwa kifutio, akarudisha karatasi kama ilivyokuwa. Alimwambia kwamba ndiyo sababu, na kwamba hana nyingine.

Barua imerudi ukutani. Baba aliitundika mwenyewe wiki iliyofuata, kati ya harusi na kalenda. Mteja mpya akija bado humwonyesha, na bado huanza kwa kusema vigingi vyake vilinyooka kama uzi. Halafu anangoja kidogo, anavuta kiti, na kuongeza, "Isipokuwa ishirini." Na mama, akiwa popote ndani ya nyumba, hupaza sauti aianze hadithi ya maziwa yeye kabla ya baba kuiharibu.